Ugatuzi Usiofika Zahanatini

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu jambo ambalo kwa zaidi ya miaka kumi limesemwa sana barazani, sokoni na bungeni, nalo ni kugatuliwa kwa huduma za afya katika nchi yetu ya Kenya. Sikusudii kulirudia lile suala lililozoeleka, la kwamba afya ibaki mikononi mwa kaunti ama irejeshwe Nairobi. Suala ninalotaka kuliweka mbele yenu halipewi haki yake katika mabishano hayo, nalo ni hili: mamlaka yaliyoondoka Nairobi mwaka 2013 yakaja mpaka kaunti, je, yaliendelea na safari hata yakamfikia muuguzi aliye peke yake katika zahanati ya mashamba, ama yalifika makao makuu ya kaunti yakatua papo hapo?

Zahanati ninayoisema mnaijua nyote mkaao Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu: jengo la vyumba vitatu au vinne, lenye baraza ya mabenchi ambapo akina mama huketi tangu alfajiri na watoto wao mapajani, chumba cha dawa chenye kufuli, na jokofu la chanjo ambalo, pale umeme usipofika, huendeshwa kwa mtungi wa gesi. Mtungi huo unapokwisha, muuguzi hana nafasi ya kungoja. Yambidi azitoe chanjo zote, azitie katika kisanduku cha barafu, azipeleke kwa pikipiki katika zahanati ya jirani yenye jokofu linalofanya kazi, na nauli aghalabu huitoa katika mshahara wake mwenyewe, kisha arudi kuwaambia wale akina mama walioitwa kwa ajili ya kliniki ya siku hiyo kwamba wende zao na warudi juma lijalo. Bei ya mtungi wa gesi si kitu cha kuishinda serikali, na pengine hata kijiji hakiishindi. Linalokosekana pale ni idhini, kwa sababu muuguzi yule hana fedha zozote zilizo chini ya sahihi yake, na barua yake ya kuomba gesi haina budi kwenda kwa afisa wa afya wa kaunti ndogo, itoke huko iende kwa mkurugenzi, itoke kwa mkurugenzi iende kwa watu wa ununuzi na watu wa fedha, na kila meza inayoipitia ina uwezo wa kuichelewesha pasi na yeyote kuulizwa.

Ili tufahamu jinsi tulivyofika hapa yatupasa turudi nyuma kidogo, maana wengi katika vijana wetu hudhani kwamba habari ya kuziachia sehemu za nchi mambo yake ilianza na katiba ya mwaka 2010. Katiba tuliyopata nayo uhuru mwaka 1963 ilikuwa ya majimbo. Pwani ilikuwa na baraza lake la jimbo, marehemu Ronald Ngala akiwa rais wa baraza hilo, na nchi ilikuwa na Seneti. Mambo hayo hayakupewa muda wa kujaribiwa, kwani chama cha KADU kilichoyatetea kilijivunja mnamo Novemba 1964, nchi ikawa jamhuri mwezi uliofuata, na Seneti nayo ikaondolewa mwaka 1966. Lakini hata baada ya majimbo kuzikwa, mabaraza ya serikali za mitaa yaliendelea kwa miaka michache kusimamia shule za msingi, huduma za afya na barabara za mashambani, mpaka sheria iliyopitishwa mwaka 1969 ilipoyaondolea kazi hizo tatu na kuzitia mikononi mwa wizara kuanzia mwaka 1970, isipokuwa manispaa tu. Sababu iliyotolewa haikuwa ya uongo: mabaraza mengi yalikuwa hoi kwa upungufu wa fedha na watu. Illa dawa iliyochaguliwa ilikuwa ni kuyapokonya kazi badala ya kuyaongezea nguvu, na tangu hapo, kwa muda wa zaidi ya miaka arubaini, mgonjwa wa Siyu na mgonjwa wa mashamba ya Kisumu walipangiwa mambo yao na meza moja.

Afisa aliyekaa kwenye meza hiyo angeweza kuwa mtu mwema, mjuzi wa kazi yake na mwenye huruma, na bado asijue kwamba Siyu chombo huingia na kutoka maji yakijaa, na kwa hiyo mama aliyeshikwa na uchungu wakati maji yamekupwa hafikishwi Lamu kwa waraka wa wizara. Dawa nazo, kwa miaka mingi, zilitumwa katika vifurushi vilivyofungwa kwa kipimo kimoja, kila zahanati kifurushi chake, ya nyanda za juu zenye baridi ambako malaria ni nadra ikipata sawasawa na ile ya kando ya Mto Tana msimu wa mafuriko. Ikawa dawa hii yapitisha muda wake rafuni bila ya kuguswa, na ile imekwisha katika juma la pili, na daftari la muuguzi linaonyesha bayana yote mawili, lakini hakuna alisomaye. Utaratibu huo ulianza kuachwa hatua kwa hatua hata kabla ya ugatuzi, zahanati zikaruhusiwa kuagiza zinachokihitaji, na hayo yalikuwa maendeleo ya kweli.

Sasa nafika katika jambo ambalo sisi watu wa Pwani tunastahili kulijua kuliko wengine, kwa kuwa lilianzia kwetu. Mwaka 2004 serikali ilipunguza ada ya matibabu ikawa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika vituo vya afya. Lilikuwa jambo la rehema kwa maskini, lakini liliziacha zahanati hazina kitu cha kukidhi matumizi yake madogomadogo, kwa sababu ada hizo ndizo zilizokuwa zikimlipa mlinzi na kununua sabuni. Ndipo mwaka uliofuata, kwa msaada wa Denmark, ukaanza kujaribiwa katika mkoa wetu wa Pwani utaratibu wa kupeleka fedha moja kwa moja katika hesabu ya benki ya kila zahanati na kila kituo cha afya, pasi na kupitia wilayani, zikasimamiwa na kamati iliyokuwa na wanakijiji ndani yake pamoja na muuguzi mwenyewe. Fedha hizo hazikuwa nyingi. Zililipa vibarua waliofagia na kulinda, zikanunua mafuta, zikarekebisha paa na choo, zikamwezesha muuguzi kuingia vijijini kuchanja watoto wa wale wasioweza kuja. Upungufu haukukosekana, na mkubwa katika huo ni kwamba mwanakijiji asiyekuwa katika kamati mara nyingi hakuwa na habari ya fedha zenyewe. Lakini zahanati zilibadilika, wahudumu wakapata moyo, na utaratibu ukaonekana unafaa hata, kuanzia mwaka 2010, ukaanza kuenezwa nchi nzima.

Basi zingatieni tarehe hizi. Katika mwaka huohuo wa 2010, tarehe 27 Agosti, ilitangazwa katiba mpya, na Jedwali lake la Nne likazipa kaunti 47 zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti, maduka ya dawa ya serikali, magari ya wagonjwa na kazi ya kuendeleza huduma za afya ya msingi, wizara ikibakiwa na sera na hospitali kuu za rufaa za taifa. Sheria ya mpito iliruhusu kazi hizo zihamishwe kidogokidogo kwa muda wa miaka mitatu, kila kaunti ikipokea kwa kadiri ilivyojiandaa. Lakini magavana walipochaguliwa tarehe 4 Machi 2013 walitaka kila kitu na walikitaka mara moja, na kufikia Agosti ya mwaka huo huduma za afya zilikuwa zimekwisha kutangazwa kuwa zao. Sisemi kwamba walikosa haki, kwani ahadi ya katiba ilikuwa yao na ya waliowachagua, na wengi waliogopa kwamba Nairobi ikipewa miaka mitatu itatafuta na ya nne. Nasema kwamba haraka ile ilikuwa na gharama zake, na gharama hizo hazikulipwa na gavana wala waziri.

Gharama ya kwanza ilikuwa hii. Katiba, katika kifungu chake cha 207, yasema kwamba fedha zote zinazopatikana na serikali ya kaunti ziingie katika Mfuko wa Mapato wa kaunti, na zisitolewe humo ila kwa idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Ni kanuni njema, iliyowekwa kuzuia ufujaji. Lakini ilipochukuliwa kwa ukamilifu wake, hospitali iliyokuwa tangu zamani ikibakiwa na sehemu kubwa ya ada za wagonjwa wake, ikanunulia nyuzi za kushonea, chakula cha wodini na dizeli ya jenereta, ikaambiwa ipeleke kila shilingi makao makuu, kisha iombe. Na zahanati, ambazo ada zake zilifutwa kabisa tarehe 1 Juni 2013 kwa ahadi ya kufidiwa, zikaona fidia hiyo nayo ikipita katika mlango uleule wa hazina ya kaunti, ikikawia, na mara nyingine isifike. Ni sawa na mpishi wa shughuli aliyepewa jiko, masufuria na wageni mia, kisha ufunguo wa ghala akaachiwa mtu aliye safarini. Kwa hivyo yule muuguzi wa Pwani ambaye mwaka 2009 alikuwa na hesabu ya benki na kamati, mwaka 2015 alikuwa na barua tu. Na jambo hili, wasikilizaji wangu, lilifanyika kwa jina la kumpelekea raia mamlaka karibu naye. Katiba yenyewe haikulazimisha iwe hivyo, kwani kifungu hichohicho chaliruhusu Bunge kuzitenga baadhi ya fedha kwa sheria. Mlango ulikuwapo, na ulikaa miaka kumi haukufunguliwa.

Lakini insafu yanitaka niseme na upande wa pili. Fedha za mgao wa kaunti, zilizokuwa shilingi bilioni 190 katika mwaka wa kwanza, zilifika bilioni 370 katika mwaka wa fedha wa 2021/22, na kwa fedha hizo zimejengwa wodi na vyumba vya upasuaji katika sehemu ambazo serikali zilizotangulia zilizihesabu kuwa ni mwisho wa dunia. Muulizeni mtu wa Wajir au wa Mandera kama angependa kurudi siku za mkuu wa mkoa aliyeketi Garissa, mtasikia jawabu lake. Makueni, chini ya gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mwaka 2016 mpango ambao jamaa nzima ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti bila ya malipo mengine, jambo ambalo wizara, kwa miaka yake yote na wataalamu wake wote, haikupata kuwapa watu wa Makueni. Yule mudiri wa zamani wa Pwani, ambaye wazee wetu wangali wakimkumbuka, alikaa karibu na watu lakini hakuchaguliwa nao. Gavana amechaguliwa, na baada ya miaka mitano yambidi arudi kwa watu walewale. Hilo si jambo dogo, na ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaotaka afya irudishwe wizarani.

Wanaolitaka hilo kwa sauti kubwa zaidi ni waganga wenyewe, na malalamiko yao yastahili kusikilizwa kwa adabu. Hapo ndipo ilipo gharama ya pili ya haraka ile. Mwezi wa Juni 2013, wiki chache kabla ya kazi kuhamishwa, chama chao kilitiliana mkataba na wizara juu ya mishahara na masharti ya kazi. Wizara ikatia sahihi, kisha ikawakabidhi waganga kwa kaunti ambazo hazikuwapo katika mazungumzo hayo. Kaunti zikasema mkataba si wao, wizara ikasema wafanyakazi si wake, na baina ya kauli hizo mbili waganga wakagoma kuanzia tarehe 5 Disemba 2016 hata tarehe 14 Machi 2017, siku 100 kamili, viongozi wao wakatiwa jela, na hospitali za umma zikawa majengo matupu. Kisha wauguzi wakafuata mwaka huohuo kwa mgomo wa miezi mitano. Waliokufa katika miezi ile walikuwa watu wasioweza kwenda hospitali za kulipia. Nami nakubali kwamba mambo ya mishahara, ya vyeo, ya masomo ya juu na ya kuhamishwa kutoka kaunti moja hadi nyingine yataka chombo kimoja cha taifa, ili daktari aliyezaliwa Nyeri asione kuwa kufanya kazi Hola ni kujifungia maisha yake, na ili mkuu wa hospitali asichaguliwe kwa ukoo. Lakini kumwajiri daktari ni jambo moja, na kuamua kama zahanati ya Kipini inunue mashine ya boti au pikipiki ni jambo jingine. Kutoka katika haja ya lile la kwanza haifuati kwamba Nairobi ipewe hili la pili.

Maana Nairobi, hata baada ya kuyatoa mamlaka, ilionyesha ni namna gani ingeyatumia. Mwaka 2015 wizara ilikodi mitambo ya gharama kubwa, ya kupigia picha, ya kusafishia damu, ya upasuaji na ya wagonjwa mahututi, ikaigawa kwa hospitali mbili katika kila kaunti kwa mkataba wa miaka saba, na kila kaunti ikakatwa fedha sawasawa: shilingi milioni 95 kwa mwaka hapo mwanzo, baadaye milioni 200, ipende isipende, na iwe tayari inayo mitambo hiyo ama haina. Seneti ilipochunguza ilikuta pahala ambapo mitambo imekaa haitumiki, hapa kwa kukosa umeme wa kutosha, pale kwa kukosa maji, na kwengineko kwa kukosa mtu aliyesomea kuiendesha. Pale palipokuwa na wataalamu mitambo hiyo iliokoa maisha, hasa ya wagonjwa wa figo, na sitawakanushia waliopona. Lakini kile kifurushi cha kipimo kimoja kilikuwa kimerudi, mara hii kwa bei ya mabilioni.

Majirani zetu wa Tanzania wamepita njia inayofanana na hii, na yafaa tuwatazame kwa muda mfupi. Halmashauri zao za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 kwa azma ya kupeleka madaraka mikoani, madaraka yakafika mikoani yakiwa mikononi mwa watumishi wa serikali kuu, na Mwalimu Nyerere mwenyewe baadaye alikiri hadharani kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha. Lililo la faida zaidi kwetu ni la karibuni: tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huko Tanzania zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika hesabu za zahanati na vituo vya afya, zahanati ya kijijini ikiwa na mpango wake na matumizi yake. Yaani kile kilichojaribiwa Kwale na Tana River miaka kumi na miwili kabla, nasi tukakiacha kilegee mikononi mwetu, jirani amekifanya kuwa desturi.

Nimesikia hoja kwamba kamati za vijijini zitakula fedha, na kwamba muuguzi hakusomea uhasibu. Wizi wawezekana popote penye fedha, lakini wizi wa shilingi elfu ishirini za zahanati unaonekana, kwa kuwa paa lililotakiwa kutengenezwa liko machoni pa watu na mweka hazina anajulikana kwake na kwao. Ilhali fedha zinazopotea katika makao makuu huonekana mara moja kwa mwaka katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu, kwa lugha ambayo mwenye paa linalovuja haisomi. Na kuhusu uhasibu, karani mmoja mwenye elimu ya kutosha aweza kutumikia zahanati nyingi, akazunguka kila mwezi na daftari lake. Mshahara wake hautafika nusu ya gharama ya semina ambazo zimekuwa zikifanywa katika hoteli za ufuoni juu ya kuimarisha ugatuzi.

Hatimaye mwaka 2023 Bunge liliufungua ule mlango: ilipitishwa sheria inayoziruhusu hospitali, vituo vya afya na zahanati za umma kubakiwa na fedha zinazozipata na kuzitumia zenyewe, chini ya bodi na kamati zake, na kaunti haina tena hoja ya kwamba katiba inakataza. Lakini sheria haifungui hesabu ya benki kwa nafsi yake. Inapofika miezi ambayo serikali za kaunti huwaita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, nawasihi mnaonisikiliza mwende, na msiseme tu kwamba dawa hazipo, kwani hilo wanalijua na wamelizoea. Muulizeni waziri wa afya wa kaunti, kwa jina la zahanati yenu, kama ina hesabu yake katika benki, ni nani wanaotia sahihi, ni kiasi gani kiliingia mwaka uliopita, na hesabu hiyo imebandikwa ukuta gani. Na jawabu lolote atakalotoa, mtakeni karani aliandike katika kumbukumbu za mkutano kabla hamjaondoka.